Chakula cha Kuku Katika Ndoo ya Farasi

Ninyi vijana mnaoshika hatamu leo, kuanzia Bofa mpaka Watamu na Malindi, mkinikuta njiani mnanisalimu vizuri. Shikamoo Bi Sidi. Marahaba. Halafu linafuata swali lilelile: kwani farasi si mla nyasi? Mbona ninyi wa zamani mlikuwa mnahangaika na ndoo na mifuko ya unga?

Nitajibu, lakini jibu langu lina farasi aliyekufa ndani yake, kwa hiyo msinikate kauli.

Nyasi za pwani ni waongo. Vuli zikishakatika na kaskazi ikakaza, uwanja wa malisho bado utauona umejaa, nyasi zimesimama mpaka magotini mwa farasi, na mgeni akipita atasema wanyama hawa wana bahati. Chuma unyasi mmoja uutafune. Ni ufagio. Farasi atakula kutwa, tumbo litakuwa duara kama ngoma, na huku mwili unakwisha. Ndiyo maana nasema usimpime farasi kwa tumbo. Mwekee kiganja mbavuni. Mwangalie mgongo pale karibu na mkia, na shingo chini ya singa, yale manyoya marefu ya shingoni, maana nyama huanza kuondoka huko. Manyoya yakifubaa, akaanza kulamba ukuta, kutafuna mbao za boma au kula mchanga, anatafuta kitu ambacho nyasi hazina.

Aliyenifundisha kuangalia hivyo ni Mzee Athumani, mtu wa Lamu, mkubwa wa zizi letu pale Bofa. Mimi nilitoka kwetu Vitengeni nikaajiriwa kukata majani tu. Siku moja akanikuta nikimsugua mgongo farasi aliyemshinda kila mtu, akaniambia niache panga niingie ndani. Alikuwa mkali, na alikuwa na imani moja isiyotikisika: alikulia kati ya punda, basi kila kinachomfaa punda kinamfaa farasi. Imani hiyo ilitupa kazi. Punda wa Lamu anaishi kwa maganda na subira. Farasi hana subira.

Mtanicheka mkisikia habari ya chumvi. Tulikuwa tukiletewa chumvi ya matofali, ile ya kulamba, tunaitundika malishoni. Unyevu wa pwani mnaujua. Baada ya siku chache nilikuta tofali limegeuka uji, mchwa na siafu wamekaa harusini, na farasi wanalamba mchanga uliodondokewa. Athumani akasema tuachane na matofali. Tukachonga kihori cha mbao, tukakiweka chini ya paa, karibu na birika la maji, tukatia chumvi ya mawe ya Gongoni. Karibu na maji, nasema, kwa sababu chumvi bila maji ni adhabu, na farasi aliyetoka jasho ufuoni akikosa kimojawapo, utamkuta jioni amelala anajitazama ubavu kwa maumivu ya tumbo.

Halafu kuna Kahawia, farasi wetu mmoja. Huyo uso wake ulianza kuvimba pande zote mbili, juu ya pua kidogo. Leo anachechemea mguu huu, kesho ule. Athumani akasema ni nyuki. Tulizunguka boma lote tukitafuta mzinga na hatukuuona. Akaja daktari wetu wa mifugo, Daktari Mwanaisha, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akaubonyeza ule uvimbe akasema, "Hii si nyama. Ni mfupa." Akatueleza kwamba kuna nyasi za nchi za joto ambazo zinayafunga madini ya mifupa tumboni. Farasi anayala madini lakini mwili hauyapati. Mwili ukikosa, unakwenda kuyachota kwenye mifupa yake wenyewe, na wa kwanza kulainika ni mfupa wa uso. Kuanzia hapo kila ndoo ya asubuhi ilitiwa unga mweupe wa madini, na baada ya miezi Kahawia akaacha kuchechemea. Athumani aliuonja kabla ya farasi. Alionja kila kitu, ndiyo ilikuwa desturi yake. Akatema, akasema, "Una ladha ya ukuta, lakini hauna ubaya."

Desturi nzuri. Ila ziko sumu ambazo ulimi hauzijui.

Sasa niwapeleke kwenye siku yenyewe. Ilikuwa kaskazi mbaya. Mvua zilikuwa zimetunyima, nyasi zimekuwa ufagio ninaousema, na lori lililokuwa likituletea tembe za chakula cha kuongeza nguvu kutoka Mombasa lilikuwa halijafika kwa muda mrefu. Mwenye zizi, Mama Klara, alikuwa Nairobi. Huyu ni Mzungu aliyekaa hapa mpaka Kiswahili chake kikawa cha Malindi. Aliniachia maneno machache: tubane matumizi, tusimkondeshe farasi yeyote.

Tulikuwa tukitumia machicha ya nazi. Haya msiyadharau. Jirani zetu walikuwa wakikamua mafuta, na machicha yale yana nguvu ya kujenga mwili. Lakini yakaushe juani siku ileile, uyatandaze membamba, uyageuze. Machicha mabichi yakilala kwenye gunia yanachacha, na yaliyochacha ni ugonjwa. Tuliyachanganya na unga wa madini na majani ya lusani, yale yanayopandwa kwa mifugo, kidogo tuliyokuwa nayo. Hayakutosha. Aliyekuwa akitutia wasiwasi zaidi ni Zafarani, jike mwenye rangi kama jina lake, kwa sababu alikuwa na mtoto wa miezi kadhaa, ameanza kudokoa majani lakini bado ananyonya. Kila tulichomtia kilitoka kwenye maziwa. Mtoto alinenepa, mama akabaki mifupa.

Zafarani alikuwa chini ya Kazungu. Kazungu alikuwa mwenzangu wa miaka mingi, mtu mzima mwenye watoto, mpole, mwenye aibu, ambaye alizungumza na farasi kuliko na watu. Alikuwa akimtazama Zafarani kama unavyomtazama ndugu anayeugua.

Asubuhi hiyo Athumani alitangulia ufuoni na wageni. Mgeni mkubwa alikuwa Mwalimu Jumwa wa Gede, mwalimu mstaafu, mama mwenye mwili wake, ambaye watoto wake walimlipia apande farasi kwa mara ya kwanza maishani. Tulimpa Tufani, ambaye pamoja na jina lake ndiye aliyekuwa mpole kupita wote. Mwanawe wa kiume akapanda Lulu. Athumani akawaongoza akiwa juu ya Kahawia. Mwalimu alipokuwa akipandishwa alituambia, "Nikianguka, msimwambie mtu kwamba nilikuwa napiga kelele." Tukaagana kwa kicheko.

Nikarudi kufagia. Nikamkuta Zafarani amesimama kwa namna ambayo sikuipenda.

Hakuwa amegusa ndoo. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni na jua bado halijawa kali. Mshipa wa shingo ulikuwa ukipiga, unauona kwa macho, na miguu ya nyuma ilikuwa ikimcheza kama ya mtu aliyeamka kitandani baada ya homa. Akakojoa. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mtoto wake alikuja kunyonya, naye akajaribu kusogea ampe nafasi, nusura aanguke.

Nikampigia Daktari Mwanaisha na kuweka sauti ya nje, ili niwe na mikono miwili.

"Bi Sidi, amekula nini?"

"Nyasi, machicha, unga wa madini. Yaleyale."

"Fikiri vizuri. Kuna kitu kipya? Hata kiganja kimoja?"

Kazungu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu mkononi. Nikamuuliza, "Kazungu, umempa kitu kipya?"

Akatikisa kichwa.

Nilikuwa namjua. Nilijua anavyotikisa kichwa akiwa na hakika, na kile hakikuwa kichwa cha mtu mwenye hakika. Lakini sikuwa na muda wa kumshika koo. Daktari alikuwa akiuliza habari ya mkojo, ya mapigo, nami nikimjibu. Kisha akauliza, "Wengine wako wapi? Wanaendeleaje?"

"Tufani, Lulu na Kahawia wako ufuoni. Wamebeba wageni."

Nikasikia ndoo imewekwa sakafuni.

"Tufani pia alikula," Kazungu akasema. "Na Lulu."

"Walikula nini?" Sauti ya daktari ilitoka kwenye simu kana kwamba yupo nasi bandani.

"Chakula cha kuku."

"Kuku wa mayai au wa nyama?"

"Wa nyama. Wa dada yangu. Kuku waliisha, chakula kikabaki. Kina nguvu, daktari, kuku wanakua upesi. Niliwatilia jana na juzi. Zafarani nilimpa zaidi."

Daktari akasema kwa haraka: "Nisikilizeni. Chakula cha kuku wa nyama mara nyingi kina dawa ya kuzuia kuhara damu. Kuku haimdhuru. Farasi inamla moyo. Sina dawa ya kuiondoa ikishaingia mwilini. Ninaloweza kuwaambia ni moja: waliokula wasitembee. Wasikimbizwe, wasishtuliwe. Moyo unaweza kusimama wakiwa katikati ya hatua, na aliye juu ataanguka nao. Niko upande wa Gede, nakuja. Zuieni."

Nikapiga simu ya Athumani. Ikalia kwenye chumba cha matandiko, juu ya msumari, ndani ya koti lake.

Nikamwambia Kazungu asimwache Zafarani, nikatoka. Sikuwa binti. Magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunisema. Lakini nilishuka ile njia ya matumbawe mpaka mchangani nikitweta, nikatazama kushoto, kulia. Siku ile ilikuwa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, na maji yalikuwa yameanza kurudi ufuoni kwa kasi. Niliwaona mbali, mbele ya kuta za mahoteli. Na wakati naangalia, nikaona Athumani ameinua mkono, wale farasi wakaanza kwenda telki, ule mwendo wa kurukaruka unaowafurahisha wageni.

Nilitaka kupiga kelele. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nawaombeni mlishike: kelele zako ni mguu wa farasi. Akishtuka atakimbia, na yule asiyetakiwa hata kutembea utakuwa umemkimbiza wewe mwenyewe. Nikavua kanga ya begani nikaipunga juu taratibu, huku nakwenda. Athumani alikuwa na macho ya mtu wa baharini. Akaniona. Akainua kiganja, wakasimama.

Nilipowafikia nilivuta pumzi kwanza. Mwalimu Jumwa alikuwa amefurahi, uso unang'aa. "Umekuja kunipiga picha?"

"Nimekuja kukushusha, Mwalimu. Polepole. Farasi hajisikii vizuri."

Ualimu ni kitu. Hakuuliza swali hata moja. Alitoa miguu kama nilivyomwelekeza, akaniegemea kwa uzito wake wote, akateremka bila hata kuvuta singa. Mwanawe akashuka kwenye Lulu. Mimi nikaweka kiganja nyuma ya kiwiko cha Tufani, pale moyo unaposikika. Ulikuwa ukienda ovyo. Unapiga, unasita, unapiga mara mbili kwa pamoja. Nyama za mapaja zilikuwa zikimcheza chini ya ngozi.

Nikamweleza Athumani kwa sauti ya chini. Aligeuka akaitazama bahari.

"Sidi, maji yanajaa. Hapa tuliposimama patakuwa na maji mpaka kifuani. Lazima turudi zizini."

"Daktari amesema wasitembee."

"Daktari hajui kwamba leo ni bamvua. Mimi nimepitisha punda kwenye maji haya miaka yote."

"Hawa si punda, Mzee."

Mbele yetu maji, nyuma yetu ukuta wa hoteli na lango la chuma lililofungwa. Mwalimu Jumwa, ambaye alikuwa amesikia yote, alilisogelea lile lango akagonga kwa pete yake. Askari akachungulia. Akasema farasi haruhusiwi, wageni wamelala juani, bustani ni mpya.

"Wewe si Charo?" Mwalimu akamuuliza. "Uliyekuwa ukikaa dirishani?"

Askari akavua kofia. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Fungua, mwanangu. Mnyama huyu akifia hapa, bahari itamsukuma mlangoni kwako."

Lango likafunguliwa. Sijui Charo aliwaambia nini wakubwa wake, wala sijui kama aliulizwa. Ninachokumbuka ni ule mwendo wa kutoka mchangani mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Athumani alishuka akamshika Tufani, mimi nikamshika Lulu, na mwanawe Mwalimu akamvuta Kahawia, ambaye hakula kile chakula. Hatua moja, tunasimama. Tunasikiliza moyo. Hatua nyingine, tunasimama. Maji yalikuwa yanatufikia visigino na kurudi. Katikati ya lango Tufani akapiga magoti ya mbele, akayumba, na nikaona Athumani amefumba macho na midomo inasoma. Kisha akainuka. Tukamfikisha. Mwalimu alilowesha mtandio wake kwenye bomba la bustani, akawa anampangusa shingo, akimsemesha kama mtoto mwenye homa darasani.

Daktari Mwanaisha alipitia zizini kwanza, kisha akatukuta pale. Aliwapitishia Tufani na Lulu mpira puani, akawatia makaa ya dawa ili yashike sumu iliyobaki tumboni, akawachoma sindano. Nikamuuliza habari ya Zafarani. Akaendelea kufunga begi lake.

"Alilala mara ya mwisho kabla sijafika," akasema. "Kazungu alikuwa amempakata kichwa."

Tufani na Lulu walikaa katika bustani ile ya watu mpaka siku ya pili, tukipokezana kuwalinda. Lulu alipona. Tufani alipona nusu. Moyo wake ulibaki na kovu, na daktari alisema asipandwe tena na mtu. Aliishi malishoni akila na kusinzia.

Niliporudi zizini nilimkuta Kazungu ameshafunga mkoba wake mdogo. Umewekwa mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye banda la Zafarani, lililokuwa tupu sasa, na yule mtoto wa farasi alikuwa akizunguka ukutani analia, akisukuma pua kila mahali mama alipokuwa amesimama.

"Nakwenda kwetu," akaniambia. "Nisimngoje anifukuze mbele za watu."

"Ukienda, nani atamweleza Mama Klara? Mimi sikuwepo ulipotia kile chakula. Siwezi kusema kwa kinywa chako."

Alikaa kitako. Hakuondoka.

Mama Klara alishuka kutoka Nairobi siku ileile ya pili, akaja moja kwa moja na viatu vya safari. Athumani alitaka kuanza kusema, akamzuia kwa mkono. Alisimama mbele ya Kazungu. Sote tulikuwa pale, na nawaambia kweli, nilikuwa na hofu kuliko nilivyokuwa ufuoni.

"Nieleze wewe," akasema.

Kazungu akaeleza yote. Lori, mbavu za Zafarani, kuku wa dada yake, gunia. Hakujitetea. Mama Klara alikuwa amemlea Zafarani tangu akiwa mdogo, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Daktari alipouliza mara ya kwanza, ulisema hapana."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Na mara ya pili? Mbona ulisema?"

"Tufani alikuwa amebeba mtu," Kazungu akasema.

Mama Klara aligeuka akaenda kwenye stoo. Tulisikia anahamisha vitu. Nilidhani anatafuta lile gunia alitupe, lakini lilikuwa limeshachukuliwa na daktari. Alirudi na ndoo. Ndani yake alikuwa ametia lusani iliyokatwa ndogondogo, machicha makavu na unga mweupe wa madini, umechanganywa na maji kidogo, vile hasa tulivyokuwa tukifanya.

"Mtoto wa Zafarani hajala tangu jana," akamwambia Kazungu. "Hakuna mwingine hapa aliyezoeana naye."

Kazungu akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akaingia nayo bandani.